Gari kuukuu la mkulima wa Rungwe: litunze hivi lidumu



Leo tunaweka pembeni mbolea na viuatilifu, tuzungumzie gari. Najua wapo watakaosema bwana shamba kaishiwa mada. Hebu fikiria kwanza. Maziwa yakichelewa njiani yanakataliwa kwenye kituo. Majani mabichi ya chai yakikaa yamebanwa kwenye viroba yanapata joto na kuharibika kabla hayajafika kiwandani. Ndizi zikilala barabarani, mnunuzi anakupangia bei anayotaka yeye. Ukipiga hesabu ya hasara zako za mwaka, ipo ya wadudu, ipo ya magonjwa, na ipo ya siku ambazo gari liligoma. Hii ya mwisho hatuiandiki popote.

Magari yetu tunayajua: Hilux ya miaka ya tisini, Noah iliyotolewa viti vya nyuma, Probox, Kirikuu. Wengi tumelinunua likiwa limeshatembea kilomita 200,000 na zaidi, na namba inayosomeka kwenye dashibodi yenyewe si ya kuiapia. Kubadilisha si rahisi. Hata ukiagiza lililotumika Japani, likizidi miaka 8 kuna ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Kwa hiyo wengi wetu gari tulilonalo ndilo tutakaloendelea nalo.

Habari njema ni kwamba gari haliishi kwa kilomita tu. Kule Marekani kulikuwa na mwalimu wa sayansi, Irv Gordon, aliyenunua Volvo P1800 mpya mwaka 1966. Mwaka 2013 gari hilohilo lilifikisha maili milioni 3, yaani karibu kilomita milioni 4.8. Barabara zake siyo zetu, hilo nakubali. Lakini alifuata ratiba ya matunzo miaka yote hiyo, na hilo hata sisi wa huku tunaliweza.

Tuliuze au tulitengeneze?

Kikundi kimoja cha wafugaji wa maziwa kiliniita kwenye kikao chao. Wana Hilux ya dizeli ya kukusanyia maziwa, na kikao kilikuwa kimegawanyika. Vijana walitaka iuzwe, wakope, wanunue nyingine. Wazee waliogopa mkopo. Mzee mmoja akaniuliza, "Bwana shamba, wewe unaonaje? Hili gari si limeshakufa?"

Nikauliza mambo mawili tu. Mwaka uliopita mmetumia shilingi ngapi kulitengeneza? Na ni nani hasa anayelikagua? Hakukuwa na jibu hata moja. Basi tukakubaliana lipelekwe kwanza kwa fundi anayeaminika, aandike kila tatizo kwenye karatasi, na tupange matatizo hayo katika makundi matatu: yanayoua watu, yanayoua injini, na yanayoudhi.

Orodha ilipokuja, ilitufundisha wote. Malalamiko yote ya kwenye kikao yalikuwa ya kundi la tatu: rangi imechubuka, kioo hakishuki, kiti kimechanika, bodi linapiga kelele. Kwenye kundi la kwanza kulikuwa na breki za nyuma zilizokwisha, mafuta ya breki meusi kama kahawa, na tairi moja kipara. Kwenye la pili, kifuniko cha rejeta kilikuwa hakishiki, thamostati ilishatolewa zamani, na hakuna aliyejua taimingi belti ilifungwa lini. Mambo haya hayakuwa yametajwa na mtu yeyote kwenye kikao.

Gharama ya makundi mawili ya kwanza ilikuwa chini ya marejesho ya miezi minne ya ule mkopo waliokuwa wanaufikiria. Wakaamua kulitengeneza. Kioo mpaka leo hakishuki, na maziwa yanafika.

Somo zima la leo ni hilo: hela yako ndogo ianze kundi la kwanza, iende la pili, na la tatu lisubiri. Sasa tuyaangalie moja moja.

Kundi la kwanza: vinavyoua watu

Hapa ni breki, stering, matairi na chesisi. Haya hayana "tutaona mwezi ujao".

Breki. Tukuyu mjini tupo kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa lipo kama mita 475. Maana yake ukipakia ndizi ukashuka kupitia Ushirika kwenda Kyela, unateremka karibu kilomita nzima kwenda chini, ukiwa na mzigo. Ukishuka kwa kukanyaga breki muda wote, zinapata moto, unasikia harufu ya kuungua, na mwisho pedali inazama bila kushika. Dawa yake ni gia. Shuka kwa gia ileile ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo na mzigo huo. Injini ikushikilie, breki ziwe za kusaidia.

Na kuna tabia ya kuweka nyutro au kuzima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta. Ndugu yangu, acha kabisa. Injini ikizimwa, nguvu inayosaidia breki inaisha baada ya kukanyaga mara chache tu, na stering ya pawa inakuwa nzito. Hela ya mafuta unayookoa haifiki hata bei ya ubao mmoja wa jeneza.

Mafuta ya breki nayo yana muda wake. Yanavuta unyevu kutoka hewani, na kwetu huku unyevu hauishi. Yakishajaa maji yanachemka mapema breki zinapopata moto. Badilisha yote kila baada ya miaka 2, hata kama kichupa kimejaa.

Matairi. Angalia kina cha kashata, angalia nyufa za ubavuni, halafu angalia umri. Kwenye ubavu kuna tarakimu nne baada ya herufi DOT. Ukisoma 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira umeshazeeka. Upepo upime asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo. Kulipiga teke siyo kupima.

Stering. Gari likivuta upande mmoja, likicheza kwenye usukani, au likigonga chini kila shimo, mwambie fundi alinyanyue kwa jeki aangalie bolijointi, tairodi na bushi. Bolijointi ikichomoka gari likiwa kwenye mwendo, gurudumu linalala. Kwenye kona za milimani huna nafasi ya pili.

Chesisi. Wilaya yetu inapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na tope letu la udongo wa volkano linanata chini ya gari wiki nzima bila kukauka. Kutu inaanzia hapo. Lakini kuna kitu kingine ambacho sisi wakulima tunakileta wenyewe: mbolea. UREA, CAN, DAP na SA zote ni kemikali. Zinavuta unyevu na kula chuma. Mfuko mmoja ukipasuka kwenye bodi, chembe zinaingia kwenye maungio na kukaa humo. Samadi na maziwa yaliyomwagika nayo yanakula chuma taratibu.

Kwa hiyo siku uliyobeba mbolea au samadi, osha bodi siku hiyohiyo kwa maji mengi, ndani na chini. Kila mwisho wa wiki msimu wa masika, toa tope kwenye matao ya magurudumu na juu ya chesisi. Kiangazi kikifika, kwangua kutu kwa brashi ya waya na upake rangi ya kuzuia kutu. Wengine hupaka oili chafu. Oili hiyo inaharibu mipira ya bushi na inadondoka kwenye udongo wako mwenyewe. Usiifanye.

Kundi la pili: vinavyoua injini

Injini nyingi za magari yetu haziuliwi na uzee. Zinauliwa na joto, oili, vumbi na belti.

Maji na joto. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa Tukuyu huchemka kama nyuzi 95, na ukipanda kwenda Isongole huchemka mapema zaidi. Kinachozuia rejeta isichemke ni kile kifuniko chake, kwa sababu kinabana shinikizo ndani. Kifuniko kikilegea, gari linaanza kuchemsha mlimani, na fundi asiye makini atakwambia ufungue injini. Anza na kifuniko. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huo.

Tumia kulanti, usitumie maji matupu. Maji ya mtoni yana mchanga na tope, yanaziba njia za rejeta. Ukikwama kabisa, maji safi ya mvua ni afadhali, lakini hayana dawa ya kuzuia kutu, kwa hiyo ukifika badilisha. Na thamostati usikubali itolewe. Mafundi wengi wanaitoa gari likichemsha mara moja. Gari lisilo na thamostati, kwa baridi yetu ya Juni na Julai, linatembea injini ikiwa haijapata joto lake. Linakula mafuta, oili inachafuka haraka, na vyuma vinasagika.

Mshale wa joto ukipanda, simama. Usiseme "nifike tu pale Kiwira". Zima, subiri ipoe kabisa, ndipo ufungue kifuniko, tena kwa kitambaa. Injini iliyochemshwa na kuendelea kuendeshwa inapinda silinda hedi, na hapo ndipo tunaanza kuongea habari za ng'ombe wa kuuza.

Oili. Kwa kazi zetu za milima, mizigo na safari fupifupi, mwaga oili na ubadilishe filta kila kilomita 5,000. Lisipofikisha, mwaga kila baada ya miezi 6. Aina ya oili fuata kitabu cha gari. Wapo wanaoamini gari likizeeka linataka oili nzito, basi kila gari linawekwa namba 40. Dizeli za zamani nyingi zinaenda vizuri na 15W-40. Lakini injini ndogo za petroli za kisasa kidogo, kama za Probox, zimetengenezwa kwa oili nyepesi kama 5W-30. Ukiweka nzito, asubuhi ya baridi inachelewa kufika juu kwenye vyuma.

Injini kuukuu kula oili kidogo ni kawaida. Pima kila asubuhi, ongeza. Ikifika lita moja kila kilomita 1,000, na moshi wa bluu unatoka nyuma, mwite fundi. Moshi mweusi kwenye dizeli, anza na filta ya hewa na nozo. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata joto, na maji yanapungua bila kuonekana yanapovujia, simamisha gari. Huenda gasketi ya silinda hedi imeshaondoka.

Filta ya hewa. Kuanzia Juni hadi Oktoba, barabara zetu za vumbi ni kama unga. Vumbi likipita filta linakwenda kusaga silinda. Ikague kila wiki kiangazi, ipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na ikishakuwa nyeusi nunua mpya. Usiioshe kwa petroli, na usitembee bila filta hata siku moja.

Taimingi belti. Hii inaua kimyakimya, kwa sababu haipigi kelele kabla ya kukatika. Dizeli za Hilux za 3L na 5L zinatumia belti, na kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika, valvu zinagongana na pistoni na injini imekwisha. Kama umenunua gari na hujui belti ilifungwa lini, hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa. Badilisha, andika tarehe na kilomita. Injini nyingine zina mnyororo badala ya belti. Muulize fundi yako ni ipi.

Mzigo

Gari haliangalii mnunuzi anasubiri tani ngapi. Linabeba lilichotengenezewa. Kirikuu nyingi zimeandikwa kilo 350. Mkungu mmoja wa ndizi ukiwa na kilo 30, hiyo ni mikungu 11. Viazi vya Isongole kwenye gunia la kilo 100, ni magunia matatu na kidogo. Lumbesa ndiyo usiseme. Najua mnapakia mara mbili yake, nawaona pale Kiwira siku ya soko. Ila elewa unacholipia: sipringi, beringi, klachi, breki na matairi, vyote vinakwisha kabla ya muda wake. Safari mbili zenye mzigo halali mara nyingi ni nafuu kuliko safari moja inayoishia gereji.

Mzigo mzito uweke mbele, karibu na kibini, na uufunge. Madumu ya maziwa yasiyofungwa yanahama kwenye kona, na gari linahama nayo.

Dakika tano za asubuhi

Kabla ya kuwasha, gari likiwa sehemu tambarare:

1. Chomoa kijiti, pima oili. Pasha kitambaa, rudisha, pima tena.
2. Angalia maji ya rejeta injini ikiwa baridi.
3. Angalia kichupa cha mafuta ya breki. Kikishuka, kuna pedi zinakwisha au kuna panapovuja.
4. Chungulia chini ya gari. Doa jipya lina jina: jeusi ni oili, la rangi ya kulanti ni maji, na linaloteleza karibu na gurudumu huenda ni mafuta ya breki.
5. Zunguka matairi yote, na la akiba.
6. Washa, kanyaga breki kwa nguvu. Pedali isizame.
7. Acha injini inguruме taratibu dakika moja, kisha ondoka polepole mpaka ipate joto. Usipige resi injini ikiwa baridi.

Kazi hii apewe mtu mmoja, anayejulikana kwa jina. Gari la kikundi linaloendeshwa na kila mtu halina mwenyewe, kama ng'ombe wa ukoo.

Daftari na kibubu

Mnaonijua mnajua nitasema hivi. Ng'ombe ana daftari lake, na gari liwe nalo. Andika tarehe, kilomita, mafuta uliyoweka, kilichobadilishwa na bei yake. Jaza tenki, tembea, jaza tena, gawanya. Kama ulikuwa unapata kilomita 9 kwa lita na sasa unapata 7 kwa njia ileile na mzigo uleule, gari linaumwa, hata kama bado halijagoma. Huenda filta imeziba, breki zinashika au nozo zimechoka.

Kisha hela. Kwenda Mbeya na kurudi Tukuyu ni kama kilomita 140. Kilomita 5,000 ni kama safari 35. Ukiweka pembeni shilingi 10,000 kila safari, siku ya kumwaga oili unakuwa na 350,000. Sehemu ni ya oili na filta, na inayobaki inasubiri belti, matairi na breki. Kama kwa safari zako elfu kumi ni nyingi, weka tano. Ila iwe ya gari, isiguswe na ada wala michango. Matengenezo mengi makubwa yanakuja kwa sababu siku ya matengenezo madogo hakukuwa na hela.

Kwenye spea, usiokoe kwenye breki, belti na bolijointi. Nunua dukani panapokupa risiti, na kaa pale fundi anapofunga. Omba spea ya zamani urudi nayo nyumbani. Fundi mzuri haudhiki kwa hilo.

Oili chafu usiimwage shambani wala mtoni. Maji ya Kiwira na Mbaka yote yanaishia Ziwa Nyasa, na kabla ya kufika huko yanapita kwa ng'ombe na watoto wa mwenzako. Iweke kwenye dumu, irudishe gereji.

Lini uliache?

Litafika siku. Chesisi ikishaliwa na kutu hadi inatoboka kwenye sehemu za kubebea sipringi au stering, usidanganywe na vipande vya kuchomelea. Injini ikihitaji ovahoo, hapo ndipo daftari linakusaidia: linganisha gharama ya ovahoo na kile gari linachokuingizia kwa mwaka, halafu linganisha na marejesho ya mkopo wa gari jingine. Mara nyingine ovahoo inashinda, mara nyingine haishindi. Lakini uamue kwa namba, siyo kwa hasira ya siku lilipokwama Mwakaleli kwenye mvua.

Wiki hii fanya kitu kimoja tu: peleka gari kwa fundi, mwambie aandike kila tatizo, na wewe upange makundi matatu. Ukikwama kwenye kupanga, njoo na karatasi yako ofisini siku za kazi, tutaipitia pamoja.